Kaske ya mwenzako si kaske yako

Ndugu msomaji, siku ya Mungu ukienda uwanjani kutazama Lupopo na Mazembe, unamwona arbitri amevaa suruali fupi, filimbi mdomoni, karata mbili mfukoni. Hatari yake kubwa ni maneno ya watu. Mpira ukimgonga, wote wanacheka, naye anaendelea kukimbia.

Lakini kuna mchezo ambamo arbitri anaingia uwanjani amevaa kama mtu anayeshuka shimoni. Vyuma mbele ya uso. Ngao ya kifua chini ya shati. Magamba magumu miguuni chini ya suruali. Viatu vyenye chuma kwenye vidole, sawasawa na vile unavyopokea wewe magazini. Mchezo huo ni besiboli. Waamerika wanaupenda kama sisi tunavyopenda mpira wa miguu, na watu wa Japani na wa Kuba nao wanaucheza sana.

Utaniuliza: mambo ya Marekani yanatafuta nini katika ukurasa wa usalama? Swali zuri. Nimesoma kwa muda juu ya namna waamuzi hao wanavyochagua kinga ya kichwa na namna wanavyoivaa. Nimeona ya kwamba wanabishana miaka na miaka juu ya jambo ambalo sisi hatulizungumzi hata kidogo. Sisi tunapokea kaske, tunaiweka kichwani, tunakwenda. Ninaandika haya kusema ya kwamba hapo tunakosea, watumishi na wakubwa pamoja.

Kwanza uelewe mahali anaposimama mwamuzi. Mrushaji wa mpira yuko mbali naye kidogo tu: kutoka pale anaporushia mpaka kwenye kibao cha mpigaji ni mita 18 na nusu hivi. Mpira wenyewe ni mgumu, umefungwa nyuzi ndani na ngozi nje, ni mkubwa kama chungwa zuri, na uzito wake ni gramu 142 mpaka 149. Warushaji wa ligi kubwa wanaurusha kwa mwendo wa kilometa 150 kwa saa, na wengine wanapita hapo. Ukihesabu, utaona ya kwamba mpira unafika kabla ya nusu ya sekunde kwisha. Mpigaji anasimama na gongo lake. Nyuma ya kibao anachuchumaa mdakaji mwenye glovu kubwa. Nyuma ya mdakaji, ameinama, macho juu kidogo ya kichwa cha mdakaji, ndipo alipo mwamuzi. Kazi yake ni kusema kama mpira umepita mahali panapokubaliwa ao hapana. Basi hawezi kufumba macho, wala hawezi kukimbia. Analipwa kwa kutazama.

Mpira ukipita wazi, mdakaji anaudaka. Mpira ukipigwa vizuri, unakwenda mbele. Hatari ni ule uliopigwa vibaya, ulioguswa na ukingo wa gongo tu. Huo unabadili njia yake kidogo sana, mdakaji hana nafasi ya kusogeza mkono, na mwamuzi anaupokea usoni. Wanasema juu ya huo mpira kama vile sisi tunavyosema juu ya jiwe la dari: hausikii ukija.

Nguvu yake ni kiasi gani? Nimefanya hesabu ili uone kwa macho ya kazi yetu. Mpira wa gramu 145 wenye mwendo wa kilometa 150 kwa saa unapiga kwa nguvu sawa na jiwe la kilo 5 linaloanguka kutoka urefu wa mita 2 na nusu. Sasa kumbuka ya kwamba kipimo kilichotumika miaka mingi huko Ulaya kwa kaske za viwandani, kinachoitwa EN 397, kinaachia chuma cha kilo 5 kutoka urefu wa mita 1 tu. Yaani huyo bwana wa besiboli anaweza kupokea usoni pigo linalozidi mara mbili lile ambalo kaske ya kazi inapimwa nalo. Halafu anainama tena, kwa sababu mchezo haujaisha.

Usalama uliokuja nyuma ya jeneza

Zamani hawakuvaa kitu. Mwaka 1877, mtu mmoja wa timu ya chuo cha Harvard, Fred Thayer, alichukua maski ya wale wanaocheza mchezo wa panga nyembamba, akaitengeneza upya ili mdakaji wake asivunjwe uso. Maski ya waamuzi inatoka huko.

Lakini tazama namna mambo mengine yalivyochelewa. Mwezi wa 8 mwaka 1920, mpigaji mmoja wa Cleveland, Ray Chapman, alipigwa na mpira kichwani huko New York. Alikuwa na kofia ya kitambaa tu. Alikufa kesho yake. Ungefikiri ya kwamba mwaka uliofuata wapigaji wote walivaa kaske. Hapana. Sheria ya ligi kubwa iliyolazimisha kila mchezaji mpya kuvaa kaske mbele ya mrushaji ilifika mwaka 1971, na hata hapo wazee wa mchezo waliachiwa wafanye wapendavyo. Wa mwisho kucheza bila kaske aliacha mwaka 1979. Miaka hamsini na zaidi tangu maiti mpaka sheria! Na waliopinga si wakubwa peke yao. Wachezaji wenyewe walisema kaske ni kitu cha waoga. Maneno hayo nimeyasikia hapa kwetu pia, tena kwa watu wenye watoto sita.

Mwaka 1976 mdakaji Steve Yeager wa Los Angeles alikuwa anangojea zamu yake ya kupiga. Gongo la mwenzake likavunjika, na vipande vya mti vikamchoma shingoni. Alipopona, mtu wa matunzo wa timu yake, Bill Buhler, alitengeneza kibao kidogo kinachoning'inia chini ya maski ili kufunika koo. Leo utakiona kwa wadakaji na kwa waamuzi pia. Mwaka 2007 mwalimu wa timu ndogo, aliyesimama karibu na mstari, alipigwa na mpira shingoni chini ya sikio, akafa. Mwaka 2008 walimu wote wanaosimama pale wakalazimishwa kuvaa kaske. Ni vizuri. Lakini mimi najiuliza: alipigwa shingoni, na kaske nyingi hazifuniki shingo. Ndiyo hivi mara nyingi. Watu wanataka kuonyesha ya kwamba wamefanya kitu, wanasahau kuuliza pigo lilipitia wapi.

Pigo linatoka wapi? Hilo ndilo swali la kwanza, na ndilo waamuzi wanaloanza nalo wanapochagua.

Maski ao kaske nzima?

Waamuzi wa leo wana njia mbili. Ya kwanza ni maski ya zamani: vyuma vya kusimama na vya kulala mbele ya uso, mto mmoja kwenye paji, mwingine kwenye kidevu, na kamba za kuvutika nyuma ya kichwa. Chini yake wanavaa kofia ya kitambaa yenye ukingo mfupi. Ya pili ni kaske nzima yenye vyuma mbele, kama ya mlinda lango wa mchezo wa hoki ya barafu. Hiyo iliingia katika ligi kubwa mwaka 1996, kichwani mwa mdakaji Charlie O'Brien wa Toronto, na waamuzi wengine wakaifuata.

Wanaopenda maski ya zamani wanasema: ni nyepesi, hewa inapita, unaona vizuri, na mpira ukichezwa unaitoa kwa mkono wa kushoto mara moja ili utazame uwanja wote, mkono wa kuume ukibaki huru kwa ishara. Tena mpira ukiipiga, maski inageuka ao inaruka kutoka usoni, na kwa kuruka inakwenda na sehemu ya nguvu ya pigo. Wanaopenda kaske nzima wanajibu: maski yako inaacha masikio, utosi na kisogo wazi, na gongo lililovunjika halichagui. Tena umbo la kaske ni la mviringo, mpira unateleza, lakini kwenye vyuma vya maski mpira unasimama na kuacha nguvu yake yote hapo.

Kila upande una haki. Kaske nzima ni nzito na ya joto, na mtu anayesimama saa tatu juani akiinama mara mia mbili na zaidi anajua shingo yake inasema nini. Mimi, kama ningekuwa mwamuzi, ningevaa kaske nzima. Lakini sikasiriki na yule anayechagua maski, mradi amechagua kwa kujua. Ninayemkasirikia ni yule anayenunua maski nyepesi kuliko zote kwa sababu inapendeza mkononi. Vyuma vya maski siku hizi vinatengenezwa kwa chuma cha pua, aluminiamu, titani, magnesiamu. Kijana anabeba ile ya magnesiamu kwa kidole kimoja, anafurahi. Hajui ya kwamba uzito kidogo ni rafiki: maski nzito inasukumwa polepole na mpira, ile nyepesi sana inasukumwa upesi, na kichwa kilicho nyuma yake kinasukumwa upesi vilevile. Siku hizi kuna hata maski zenye springi kati ya vyuma na mito, ili pigo lifike limechoka.

Na mito! Watu wanatazama vyuma, na kumbe kazi kubwa inafanywa na mito. Mto ulionywa jasho la miaka minne na kukaushwa juani unakuwa mgumu kama gome la mti. Vyuma bado vinang'aa, rangi bado nzuri, lakini hiyo si maski tena.

Kuivaa nako kuna akili yake. Kwanza wanapima kichwa kwa utepe, juu ya nyusi, kuzunguka. Mto wa juu ukae kwenye paji, wa chini ushike kidevu. Mashavu yasibebe mzigo. Macho yaone katikati ya vyuma, yasizuiwe na chuma chochote. Kisha mtu anainama kama anavyoinama kazini. Hapa ndipo wengi wanadanganyika, kwa maana wanajaribu maski wakiwa wamesimama wima mbele ya kioo, kama bwana arusi. Ukisha inama, tikisa kichwa, kushoto, kuume, juu, chini. Maski ikishuka mpaka puani, kamba zimelegea. Ikiwa inabana mpaka meno yanauma, kamba zimekazwa mno, na pigo litakwenda moja kwa moja kwenye taya. Mwenye miwani aijaribu na miwani yake. Mwenye kofia nene chini ya maski aivue, atafute nyembamba. Kwa kaske nzima kipimo ni rahisi: ukiishika na kuisogeza, ngozi ya paji isogee pamoja nayo. Kama kaske inakwenda na ngozi inabaki, hiyo ni kaske ya mwenzako.

Sasa ya kwako

Pigo lako wewe linatoka wapi? Wewe wa chini ya udongo, linatoka juu, na pia linatoka mbele na pembeni pale dari ni fupi. Wewe wa kiwandani, ni kitu kilichoangushwa na mwenzako kwenye ngazi. Wewe wa kupanda mastimu, ni wewe mwenyewe unayeanguka. Kaske nyingi za kazi zimepimwa kwa pigo la juu tu. Waamerika wanazigawa aina mbili: ya kwanza kwa pigo la utosini, ya pili kwa utosi na pembeni. Je, magazini kwenu kuna mtu anayeuliza unafanya kazi gani mbele ya kukupa kaske? Ao anauliza tu namba yako?

Nilipokuwa kijana, katika kazi yangu ya kwanza, pahali ambapo sitapataja, nilipewa kaske iliyokuwa inazunguka kichwani kama sufuria juu ya gogo. Nilimwambia mtu wa magazini ni kubwa. Akacheka, akasema: «Chukua hiyo, kichwa kitakua.» Kwa kuwa sikutaka kuonekana mgomvi siku ya kwanza, nilitafuta karatasi ya mfuko wa simenti, nikaijaza ndani. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunapanda ngazi ya chuma, mimi juu, mwenzangu chini. Niliinua macho kutazama aliyekuwa mbele. Kaske ikateleza nyuma, ikaanguka, ikampiga mwenzangu begani. Alishika ngazi kwa mkono mmoja, Mungu alimsaidia. Mkono wa pili ulifungwa kitambaa majuma matatu. Kaske niliyopewa ili jiwe lisiniue ikawa jiwe lenyewe, tena kwa mtu mwingine.

Ile karatasi pia ilikuwa kosa, na leo bado naona watu wanaweka ndani ya kaske sigara, karatasi za mshahara, simu, hata mikate. Ndugu, ile nafasi kati ya ganda na kichwa chako si mfuko. Kile kipimo cha Ulaya kinataka nafasi hiyo isipungue milimeta 25, kwa sababu pigo likija, zile kamba za ndani zinavutika na ganda linashuka. Likikuta sigara, zinakwenda kichwani pamoja na pigo. Kaza gurudumu la nyuma mpaka kaske ishike unapoinama bila mkono. Vaa kamba ya kidevu, usiifunge juu ya ukingo kwa urembo. Ganda lisitobolewe kwa kisu ili kuweka taa. Taa ina mahali pake. Usiioshe kwa mafuta ya gari wala usiipake rangi ya nyumba, maana vitu hivyo vinaweza kula plastiki pasipo kuonekana. Na jua la nyuma ya kioo cha gari linaizeesha upesi kuliko kazi yenyewe.

Mambo hayo unayajua, mengine yamebandikwa ukutani. Neno ninalotaka kusema zaidi ni lingine.

Tarehe 14 mwezi wa 4 mwaka 2017, huko Toronto, mwamuzi Dale Scott alipigwa kwenye maski na mpira ulioguswa na gongo. Alikuwa mwamuzi wa ligi kubwa kwa miaka zaidi ya thelathini, mtu anayejua kazi. Maski yake ilikuwa nzuri, ilikaa mahali pake, haikumkata uso. Walimtoa uwanjani amelala kwenye machela. Ilikuwa mara ya nne ubongo wake kutikiswa katika miaka mitano. Hakurudi tena kwenye kazi hiyo. Mwisho wa mwaka ule aliacha.

Chukua yai, ulitikise kwa nguvu karibu na sikio lako. Ganda ni zima. Ndani hujui. Ndivyo ubongo ulivyo ndani ya kichwa. Kinga inazuia mfupa usipasuke na uso usivunjwe, na kwa hiyo imeokoa watu wengi sana, lakini kutikisika haikuzuii kote. Mtu aliyetikiswa ubongo anaweza kusimama, kutembea, kusema «niko sawa». Saa moja baadaye kichwa kinamwanga, anatapika, taa inamuumiza macho, anasahau jina la kapita wake. Nyumbani anakasirika bila sababu, ao analala mchana kutwa. Mama, wewe ndiwe unayeona hayo mbele ya munganga. Mume wako akirudi hivyo, usifikiri mara moja ni masanga. Uliza kama kitu kimempiga kichwani, mpeleke hospitali. Na ikiwa anatapika mara kwa mara, ao huwezi kumwamsha sawasawa, usingoje asubuhi.

Katika ligi kubwa ya Marekani, tangu mwaka 2011 kuna kanuni juu ya kutikisika kwa ubongo, kwa wachezaji na kwa waamuzi. Anayeonekana kutikiswa anapimwa na wanganga, na harudi kazini mpaka wamruhusu. Si yeye anayeamua, wala si mkubwa wake. Naona hilo ni jambo la akili sana, kwa sababu kichwa kilichopigwa ndicho hichohicho unachokiuliza kama kimepona.

Kwetu mara nyingi mtu anayeuma kichwa baada ya pigo ananyamaza. Anaogopa kupoteza siku, ao zawadi ya mwisho wa mwezi, ao anaogopa kapita atakayesema mbele ya wote: tangu lini mwanaume analia kichwa? Kapita, ninakuandikia wewe pia. Ukimrudisha kazini mtu aliyepigwa, na akapigwa mara ya pili mbele ya kupona, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko pigo lenyewe. Zile tani ulizozipata siku ile hazitakusaidia kumwambia mke wake.

Na kaske iliyopigwa je? Hapa nitasema wazi, hata kama mtu wa hesabu hatafurahi. Waamuzi wa besiboli wa michezo midogo kule Marekani wananunua vyombo vyao kwa mfuko wao wenyewe. Matokeo ni nini? Wengi wanabaki na maski moja miaka kumi, mito imekuwa gome, chuma kimepinda kidogo kikanyooshwa kwa mkono. Si wajinga. Wanajua. Lakini maski nzuri ni mafranga mengi, na nyumbani kuna watoto. Anayelipa ndiye anayeamua siku ya kubadili, na mtu anayelipa mwenyewe atasema daima: bado, bado.

Basi pahali popote ambapo mtumishi anakatwa mshahara juu ya kaske iliyopasuka, kampuni inanunua uongo. Mtu ataficha ufa kwa tepe nyeusi. Ataipaka matope. Ataazima kaske ya mwenzake siku ya ukaguzi, na mwenzake ataazima yake. Nimeyaona yote matatu. Kaske iliyopokea pigo kubwa imekwisha kufanya kazi yake, hata ufa usipoonekana. Ibadilishwe siku ileile, bila kukatwa hata franka moja, bila kuulizwa maswali ya polisi. Aliyeipoteza kwa uzembe ao kuiuza sokoni, huyo ni mambo mengine, aadhibiwe kwa njia nyingine. Lakini msichanganye ufa na wizi. Kama kazini kwenu kuna komite ya usalama, naomba wajumbe wa watumishi waliweke neno hili mezani katika mkutano unaokuja. Na wakubwa wakisema ni gharama, wahesabu kaske ngapi zinanunuliwa kwa gharama ya machela moja, hospitali moja, na matanga.

Tena magazini iwe na vipimo zaidi ya kimoja, na iwe na kioo kidogo na nafasi ya mtu kuinama. Sicheki. Mwamuzi wa besiboli hatoki dukani mbele ya kuinama.

Nina neno dogo kwa vijana wetu wanaochimba kwa mikono, maana wao ni watoto na wadogo wa wasomaji wa gazeti hili. Wengine wanashuka kichwa wazi. Wengine wananunua sokoni kaske ambayo hawajui imepigwa mara ngapi, ao wanavaa kaske ya pikipiki. Ya pikipiki ni bora kuliko hewa tupu, lakini inafunga masikio, na chini ya udongo masikio ni mlinzi wako wa kwanza. Na juu ya zile kaske za wewa, zinazopita kutoka kichwa hiki mpaka kile mchana kutwa, kubwa kwa huyu, ndogo kwa yule, kamba imekatika tangu mwaka juzi, nitaandika siku nyingine, maana hasira yangu hapo ni ndefu.

Usiku huu, mbele ya kulala, toa kaske yako pale inaponing'inia. Ikiwa mama wa nyumba ameiazima kubebea makaa, ombeni radhi wote wawili, kisha ioshe kwa maji na sabuni. Ivae, kaza, inama mpaka uone vidole vya miguu, tikisa kichwa mara tatu, mikono nyuma. Halafu iteremshe, mpe mtoto anayejua kusoma atafute ndani ya ganda. Kuna alama ndogo zilizochongwa katika plastiki, mara nyingi duara lenye mshale, zinazoonyesha mwaka na mwezi ilipotengenezwa. Chukua mwaka huo, uuweke kando ya mwaka wa leo. Watengenezaji wengi wanasema miaka michache tu, na karatasi yao inaonyesha mingapi. Mtu wa magazini anatakiwa kuwa nayo. Muulize kesho, na usiondoke mlangoni pake mpaka ameitafuta.